Tisa Imejaa

Kwako Wamuyu, mama wa wanangu,

Shuleni tulifunzwa kwamba barua huanza kwa "mimi ni mzima, hofu ni kwako tu." Leo nimeigeuza. Wewe huna hofu tena, hofu yote umeniachia mimi, na huu uzima wangu wenyewe ni wa kuombewa. Goti la kushoto linalia kama bawaba. Chai nimejifunza kupika, lakini majani natia mengi mno, na mke wa mwanao anainywa hivyo hivyo kwa adabu. Wewe ungeshaimwaga.

Barua hii ni ya wazi. Nitaiacha mezani, anayetaka kuisoma aisome. Jana asubuhi alikuja msichana wa kuhesabu watu, na neno moja likanitoka mdomoni likanirudisha Mau Narok, mlangoni kwenu, siku ya kwanza nilipokuona. Nilicheka, kisha nikatoka nje nikasimama kwenye vitunguu vyako. Wajukuu wanaulizana babu alipatwa na nini. Basi na wasome.

Unakumbuka nilivyokuwa? Kijana wa Kakamega, miaka ishirini na moja, koti la kuazima, penseli nimeichomeka nyuma ya sikio ili kila mtu ajue nimesoma. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mimi nilikuwa chuo cha kilimo mjini Nakuru. Tulifundishwa udongo, mbegu, magonjwa ya ng'ombe. Lakini somo lililoniingia rohoni lilikuwa takwimu, somo ambalo wenzangu walilikimbia kama siafu.

Mwalimu wetu alikuwa Mgoa mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, aliyefundisha kwa Kiingereza na kukasirika kwa Kiswahili. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Aliingia na kikapu cha minji. Kila mmoja wetu akapewa maganda kumi, ayapasue, ahesabu punje. Ganda la punje tatu liwekwe hapa sakafuni, la nne pale, la tano pale, mpaka mwisho. Tulidhani mzee amechanganyikiwa. Lakini tulipomaliza, lo! Maganda yalikuwa yamejipanga kilima. Machache huku, mengi katikati, machache kule.

"Nani ameyapanga?" akauliza.

Hakuna aliyeyapanga. Kila mtu alikuwa ameshughulika na yake kumi tu. Wenzangu walienda kula chakula cha mchana, mimi nikarudi darasani kukitazama kile kilima. Nilitaka kujua minji ziliambiana lini. Tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa swali hilo, na wewe unajua sikupona.

Wiki chache baadaye tukapewa kazi. Kila mwanafunzi aende shamba moja, ahesabu watu wa kila nyumba kwenye laini ya wafanyakazi, arudi na orodha. Mimi nikaangukia kwenu, shamba la ngano na pareto huko Mau Narok. Na haikuwa kazi ya mchezo. Dresa wa shamba, yule aliyefunga vidonda na kugawa kwinini, alikuwa anangoja orodha hiyo hiyo ili aagize chanjo ya ndui. Dawa ilikuja kwa hesabu ya vichwa. Kichwa ambacho hakimo kwenye karatasi yangu hakingechanjwa. Hilo nililijua vizuri, Wamuyu. Nililijua, na bado nikafanya nilivyofanya.

Nilipanda na lori la shamba, nikafika nimekauka kwa baridi. Nyumba arobaini na mbili. Nikaenda mlango kwa mlango, mbio mbio, kwa sababu lori lingeteremka alasiri na sikutaka kulikosa. Mamako alikuwa nje anapepeta maharagwe. Aliponiona na karatasi, mikono ilisimama. Sikuelewa wakati ule. Nilikuwa mgeni, na mpumbavu wa namna ya pekee, yule mwenye cheti njiani. Miaka ile Wakikuyu walikuwa wamehesabiwa sana, na waliowahesabu walikuja na bunduki. Wengi wenu mlikuwa ndio kwanza mmerudi shambani baada ya kufukuzwa. Mtu mwenye penseli hakuwa habari njema.

"Mama, hapa nyumbani mko watu wangapi?"

Akanitazama viatu, akanitazama uso. "Tisa imejaa," akasema.

Nikaandika tisa. Sawa, tisa, nyumba imejaa, hata mimi niliona ni ndogo. Nikashukuru nikageuka. Na wewe ulikuwa umesimama pale kwenye kona, kikapu cha pareto mgongoni, mkanda wake kichwani, vidole vya njano. Ulichungulia karatasi yangu ukaona niliyoyaandika. Ulitabasamu kidogo tu, upande mmoja wa mdomo, na mimi mjinga nikadhani ni koti.

Nilirudi Nakuru nikajumlisha. Watu mia tatu na saba, nyumba arobaini na mbili, avareji saba nukta tatu. Mwalimu akaibandika kazi yangu ukutani kwa sababu ya unadhifu. Tena kulikuwa na uvumi kwamba atakayefanya vizuri zaidi katika takwimu atapata nafasi kwenye majaribio ya ngano, kazi ya kupima na kuandika, na mimi usingizini nilikuwa nimeshaanza kuifanya. Orodha ikawekwa mezani kwake, iende kwa dresa Ijumaa.

Jumatatu ndipo tulipofundishwa grafu ya nguzo. Kila mtu akachora ya kwake. Nyumba za watu sita, nguzo. Saba, nguzo ndefu. Nane, ndefu pia. Tisa ikapanda ikazipita zote. Kumi, hakuna kitu. Kumi na moja, nguzo fupi ya nyumba tatu.

Nikairudia kuhesabu. Kumi, hakuna. Nyumba zote arobaini na mbili, na hata moja haina watu kumi! Grafu yangu ilikuwa inanichekea na pengo, kama mtu aliyeng'olewa jino la mbele.

Barasa, aliyekaa dawati moja nami, alilichungulia. "Wee, ni bahati tu. Kama linakuwasha, chora nguzo ndogo hapo. Nani ataenda Mau Narok kuangalia?"

Nakuambia ukweli ambao sijawahi kukuambia: nilichukua penseli. Niliishika pale juu ya kumi, nikafikiria. Kazi ilikuwa ukutani tayari, imesifiwa. Lakini minji zile hazikuniacha. Kama punje zinajua kupanda na kushuka taratibu bila kuambiwa, kwa nini watu wa Mau Narok wanaruka kumi? Wanaiogopa? Nilisema "wanaiogopa" kwa mzaha, kimoyomoyo, na ndiyo ilikuwa kweli yenyewe.

Nikaenda kwa mwalimu. "Nyumba za watu kumi hazipo," nikamwambia.

"Zimeenda wapi?"

"Sijui, mwalimu."

Akaitazama grafu, akakuna shavu. "Pengo usilizibe," akasema, kwa Kiswahili, ndipo nikajua hatanii. "Liulize. Mpaka Ijumaa asubuhi. Baada ya hapo naituma ilivyo."

Jumatano nikapanda lori tena. Nilikuta mvua imenyesha, laini yote matope, na nyumba ya kwanza niliyoijua kwa sura ilikuwa yenu. Mamako hakuwepo. Wewe ulikuwa unaosha vikombe vya uji, vile vya bati vyenye ukingo wa buluu.

"Karani amerudi," ukasema. "Umesahau nini?"

Nikasema sijasahau kitu, nimekuja kuuliza. Nikakuuliza kwa nini hakuna nyumba ya watu kumi kwenye laini nzima.

Ulicheka, Wamuyu. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Ati hakuna! Hii ni nini? Si ni hii?"

"Mama alisema tisa."

"Mama alisema tisa imejaa. Kenda muiyuru. Tisa ikijaa inakuwa nini?"

Nikasimama pale na matope yangu. Ukanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto. Mkikuyu wa zamani hatamki kumi anapohesabu watu wake. Mabinti wa kwanza kabisa, wazee walisema, walikuwa tisa iliyojaa, na huyo anayeijaza hatajwi. Ukitamka kumi umetangaza kwamba umetimiza, na anayetangaza ametimiza anapunguziwa. Kila mtu anajua. Mtoto wa miaka minne anajua.

"Mimi sikujua," nikasema.

"Niliona. Niliona ukiandika tisa, nikangoja uulize imejaa vipi. Hukuuliza. Nikasema, huyu ni karani wa serikali, anajua anachotaka, na kama hataki wa kumi shauri yake. Kuna siku ilikuwa afadhali mmoja wetu asionekane kwenye karatasi."

"Hii si ya askari," nikasema. "Hii ni ya chanjo ya ndui. Dawa inakuja kwa hesabu."

Hapo kicheko kilikwisha. Sijasahau uso ule. Uliweka kikombe chini kwa nguvu mpaka kikaruka. "Na hukusema? Ulikuja hapa, ukamtisha mama na hiyo penseli, na hukusema ni ya dawa?" Kisha ukaanza kuwataja, kwa majina, bila kuwahesabu: babako, mamako, nyanyako kipofu ndani pale, nduguzo, wewe, mpaka kitindamimba aliyekuwa amelala mgongoni mwa dadako. "Haya, karani. Umeandika tisa. Chagua nani asichanjwe."

Nilikuwa nimekuja kutafuta nguzo ya grafu, na nikakuta ni nyanya na mtoto. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, hata siku ile ng'ombe wa majaribio walipokufa mikononi mwangu. Na nilikuwa na hofu pia, maana ningerudi niseme nini? Kazi nzuri kuliko zote ukutani, na mwenyewe hakujua kusikia kumi.

Wewe ndiye uliyeniokoa, na hukufanya hivyo kwa huruma. Ulikuwa umekasirika. "Ukienda kuuliza tena watu wangapi, watakuambia tena tisa imejaa, ama watakufukuza," ukasema. "Uliza vikombe. Asubuhi mnamwaga uji vikombe vingapi? Kikombe hakina msiba." Ukajifuta mikono, ukatoka mbele yangu kwenye matope, na tukaenda nyumba zote arobaini na mbili. Ulisema kwanza ni kwa ajili ya nini. Dawa ya ndui, mkono wa kushoto, mikwaruzo tu. Kisha ukauliza vikombe. Kina mama walicheka, wakaingia ndani, wakavitoa wakavipanga mlangoni. Kwa Waluhya wenzangu, kwa Wakipsigis, kwa kila mtu, vikombe. Lori liliteremka bila mimi na sikujali.

Watu saba walikuwa wamepotea kwenye karatasi yangu, mmoja kila nyumba ya watu kumi. Walikuwa pale pale wanapika na kuchuma pareto, na mimi nimewapitisha kwenye tundu la sikio langu.

Ijumaa nilifika mapema. Nilimwambia mwalimu kila kitu, hata ile nguzo ya kubuni aliyonishauri Barasa nikajitwika mwenyewe. Akaniomba niandike "kenda muiyuru" ubaoni. Akayatazama hayo maneno mawili kama mtu aliyeletewa matunda mapya. Kisha akaishusha kazi yangu ukutani, akaikunja, akanipa. "Ile nafasi ya ngano nimempa mwingine," akasema. "Wewe utaandika orodha upya, na utaipeleka kwa mkono wako." Nilitaka kulia. Nikaenda nikaandika: mia tatu na kumi na nne.

Siku ya chanjo nilikuwepo. Watu wa nyumba yenu walipanga foleni nyuma ya babako, na wewe ukajiweka mwisho kabisa. Dresa alipokufikia ulinitafuta kwa macho, ukakunja mkono wa gauni, ukasema kwa sauti ya juu ili watu wote wa laini wasikie, "Aandike vizuri, wa kumi ni huyu." Mamako akakupiga kofi la bega kwa kutamka namba hiyo. Lakini alikuwa anacheka. Mimi, hapo ndipo nilipokwisha.

Nilianza kuja Jumapili kwa visingizio. Unavikumbuka vyote, ulivitaja kwenye harusi ya mwanetu bila haya. Kisingizio kikubwa kilikuwa avareji. Nilikuambia sasa ni saba nukta tano, saba na nusu. Ukauliza, "Huyo nusu mtu analala nyumba gani?" Nikajibu kama mwalimu alivyotujibu, kwamba avareji ni mtu ambaye utamtafuta na kumpata lakini hutakutana naye njiani. Ukafikiri. "Basi ni kama mume mzuri," ukasema, na ukaendelea kumenya viazi.

Wewe ulikuwa na akili ya takwimu kuliko darasa letu lote. Ulijua kwamba gunia la pareto halipimwi kwa kushika maua ya juu, maana ya juu ndiyo mtu hupanga yapendeze. Ulijua usiulize mama mmoja habari za laini nzima, hata kama ndiye anayezungumza sana, hasa kama ndiye anayezungumza sana. Nilichofundishwa kwa mihula mitatu ulikuwa nacho tayari, jina lake tu ndilo hukuwa nalo. Nikakuletea majina, ukayaonja kama peremende: sampuli, avareji, mtawanyiko. Hilo la mwisho ulilipenda. Watoto wetu walipoondoka mmoja mmoja, huyu Eldoret, huyu Longonot kwenye reli, huyu ng'ambo, ulisema, "Karani, mtawanyiko umezidi."

Nafasi ya ngano sikuipata kamwe. Nilifundisha. Miaka thelathini nimewaambia vijana wa chuo kwamba asiyeuliza hana ajifunzalo, nikawapa minji wapasue, nikawasimulia habari ya kijana fulani na tisa yake. Sikusema kijana huyo ni mimi. Nafikiri walijua.

Sasa, mama wa wanangu, nikuambie ya huku. Kule hospitali mwishoni, ulipokuwa huongei tena, nilikushika mkono wa kushoto na kidole changu kikaenda chenyewe juu kwenye kovu la chanjo, lile duara dogo lenye ngozi laini. Nilikaa nalo hapo. Sikuomba, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu pumzi zako. Mazishini mchungaji akasema umeacha pengo lisilozibika. Watu wakaitikia amina. Mimi nikasikia Kiswahili cha Mgoa: usilizibe, liulize. Nimekuwa nikiliuliza tangu hapo. Nauliza kwa nini bado nageuka kukuambia bei ya viazi. Nauliza ule wimbo uliokuwa ukiimba ukichambua mboga ulikuwa na ubeti wa pili au ulikuwa unabuni. Lilinijibu mara moja tu, na nitakuambia.

Nyumba hii tulikuwa kumi. Mimi, wewe, mwanetu na mkewe, watoto wao watano, na yule mpwa wako anayesomea ushonaji. Nilinunua vikombe kumi mwenyewe, vya bati, ukingo wa buluu, na ukaniambia ninazeeka vibaya. Kila asubuhi navipanga mezani vyote. Mke wa mwanao huwa anasubiri nimimine, kisha anakimwaga kimoja na kukirudisha kabatini akidhani sioni.

Jana ndivyo alivyotukuta huyo msichana wa kuhesabu watu. Ni binti mdogo, viatu vimejaa vumbi, karatasi kifuani, na nikajua kwa macho yake kwamba nyumba bado ni nyingi na jua linapanda. Akasalimia vizuri. Akasema kwanza ni kwa ajili ya nini. Nikampenda hapo hapo.

"Mzee, hapa nyumbani mko watu wangapi?"

Nilikuwa na jibu tayari. Mimi ni mtu wa namba, Wamuyu, na mimi si Mkikuyu. Lakini kilichonitoka mdomoni ni cha mamako.

"Tisa imejaa."

Kalamu yake ikashuka kwenye karatasi. Nilingoja. Nilijikuta nimeshika ukingo wa meza kwa kungoja. Na ile kalamu ikasimama kabla haijagusa. Akainua uso.

"Imejaa vipi, mzee?"

Lo! Ndipo nilipocheka. Miaka yote hiyo, hatimaye kuna aliyeuliza. Nilitazama mezani, mvuke unatoka kwenye vikombe vyote, na macho yakanijaa maji mbele ya wajukuu.

"Andika tisa, mwanangu," nikamwambia. "Watu ni tisa. Vikombe ndivyo kumi."

Lala salama, wa kumi wangu.

Mimi mumeo,
Karani